Namba Niliyompa Mtani Wangu

Kwenye chumba chetu cha kumbukumbu kuna kitabu kinene, mgongo wake umeshapakwa gundi mara tatu, na humo ndani kila ugonjwa wa binadamu una namba yake. Malaria ina namba. Kuumwa na nyoka kuna namba. Hata kuanguka kutoka juu ya mti kuna namba, na hiyo niliijua kwa kichwa kwa sababu watu wetu wa milimani wanapanda mifenesi na minazi na hawashuki wote kwa miguu. Kazi yangu ilikuwa, na bado ni, kuchukua maneno ya daktari, kuyatafutia namba yake na kuiingiza kwenye kompyuta, ili bima walipe na mkoa upate ripoti.

Nilimaliza kidato cha nne kwa alama ambazo mama yangu hapendi zitajwe mbele ya wageni. Nikasoma kompyuta miezi sita, nikaomba kazi hospitalini, nikapata. Mtu mwingine angeona amepata kazi ya karani. Mimi niliona nimeshaingia hospitali, basi udaktari umebaki hatua mbili tatu. Ndivyo nilivyo. Nikiona ngazi naona ghorofa. Tulipewa makoti meupe kwa ajili ya vumbi la mafaili ya zamani, na mimi langu nilikuwa nalifua kila jioni na kulipiga pasi, na mtu akiniita "daktari" kwenye korido nilikuwa naitika. Sikuwahi kumsahihisha hata mmoja. Niliona nikikataa nitamvunja moyo.

Mkuu wa kitengo chetu ni mama mmoja mtu mzima anayekaribia kustaafu. Siku yangu ya kwanza aliniweka mbele ya kile kitabu akaniambia, "Binti yangu, hapa sheria ni moja. Unaandika kilichoandikwa. Huandiki unachofikiri, huandiki unachokionea huruma. Daktari akisema hajui, na wewe hujui."

Na kweli kuna namba za kutojua. Zinaanza na herufi R. Mtu akichukuliwa kinyama kwenye mapafu, yaani wanaingiza mpira mwembamba wanang'oa kipande kidogo kama punje ya mchele, kile kipande kinapelekwa Dar es Salaam kuangaliwa. Majibu yakirudi kwamba nyama si ya kawaida lakini haijajulikana ina nini, namba yake ni R84.7. Kwa Kiswahili cha nyumbani: tumeona kitu, hatujakijua, rudini. Sikuipenda hiyo namba. Niliiona kama mtu aliyekuja kwenye mtihani akaandika jina lake tu akaondoka. Halafu bima nao walikuwa na tabia ya kuturudishia fomu zenye R, wakitaka maelezo zaidi, na mgonjwa anakaa nje kwenye benchi anasubiri maelezo zaidi.

Sasa nije kwa mzee mmoja, mgonjwa wetu.

Babu yangu mzaa baba alikuwa Mnyamwezi, alikuja na kazi ya reli kutoka Tabora akaishia Kingolwira, akaoa, akazikwa hapo hapo. Kwa hiyo Waluguru, wenyeji wa hapa, ni watani zangu. Mtani wako anakutukana mbele za watu na huruhusiwi kununa. Anaweza kuingia jikoni kwako akabeba kuku. Na siku ukifa ndiye anayekaa mlangoni kuzuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, huku anakuiga ulivyokuwa unatembea, na wafiwa wanacheka na machozi yapo mashavuni. Kwetu huo ni upendo. Nilizaliwa nao, na ulimi wangu haujawahi kuwa mzito kwenye jambo hilo.

Mzee huyu, Mluguru, alikuwa mkulima wa ndizi na pilipili manga, juu kidogo ya Kinole. Alikuwa anakohoa tangu masika. Makohozi yake yalipimwa mara tatu, kifua kikuu hakikuonekana. Kila akija alikuwa na mpwa wake, kijana wa miaka kama thelathini, mwendesha bodaboda, mtoto wa dada yake. Kwa Waluguru mtoto wa dada ndiye mtu wako. Ardhi ni ya upande wa mama, na mjomba akiondoka mpwa ndiye anayesimama mahali pake. Basi mpwa alikuwa anamshika mjomba wake mkono kama anashika yai.

Siku ya kwanza mzee aliposikia ukoo wangu pale kidirishani tunapotolea fomu, alipiga kofi kwenye mbao.

"Kumbe Mnyamwezi! Mpaka leo hujarudi kwenu? Nauli ya treni imekushinda?"

"Nitarudije, mtani? Nakusubiri ufe nichukue kitanda chako."

"Kitanda changu cha kamba. Utakikata kwa uzito wa michembe ya viazi mliyojazwa utotoni."

"Bora michembe. Ninyi mnakula ndizi asubuhi, mchana ndizi, ndiyo maana mgongo umepinda."

"Na shikamoo yangu iko wapi?"

"Nimwamkie mtumwa wangu?"

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na watu wote kwenye foleni wakacheka. Tangu siku hiyo akija hospitali, hata kama hana shida na dirisha letu, lazima apite anitukane. Nilikuwa namngojea. Nikimwona mlangoni nilikuwa naanza kabla hajakaa. Miezi minne, na sikuwahi kumpa shikamoo hata moja, na yeye kila siku aliidai.

Mwishowe daktari alimchukua kinyama. Majibu yakarudi siku ya Alhamisi, nayo yakafika mezani kwangu pamoja na faili. Kiingereza changu ni cha kutafuta kwa kidole, lakini karatasi ilikuwa fupi. Seli zimebadilika. Kipande ni kidogo, hakitoshi kuamua. Saratani haiwezi kuthibitishwa wala kukanushwa. Chukueni kingine. Chini yake daktari wetu aliandika kwa mkono: arudi baada ya wiki mbili, kipimo kirudiwe.

Mistari minne. Mimi nikaona neno moja.

Nasema ukweli wote, maana nimeshaona nusu yake hainisaidii. Nililia kidogo pale pale nyuma ya kompyuta. Halafu nikajiona nimeelewa kitu ambacho daktari anaona aibu kukitamka. Nikafikiri: nikiandika R84.7, bima watairudisha, mzee atakaa kwenye benchi. Nikiandika namba nzito, watashtuka, wataruhusu haraka, atapelekwa Dar kwenye mashine kubwa. Nilimwonea huruma, na nilijiona hodari; vyote viwili vilikaa kwenye kidole kimoja. Nikaandika C34.9. Hiyo ni saratani ya mapafu.

Kila fomu ilikuwa inapita kwa mkuu wangu kabla ya kupigwa muhuri. Siku hiyo alikuwa msibani Kilakala. Muhuri ulikuwa kwenye droo. Nikaupiga mwenyewe.

Mzee alikuwa ameshaonana na daktari. Daktari alimweleza vizuri kabisa: hatujajua, tutarudia, usiwe na hofu. Akaja kwenye kidirisha changu kuchukua fomu yake akiwa mchangamfu.

"Mnyamwezi, hata daktari wenu kashindwa na mimi. Kaangalia nyama yangu, kaona ni ya simba."

Nilitaka kumwambia neno zuri, na mimi neno zuri la kumwambia yule mzee sikuwa nalo, nilikuwa na matusi tu. Nikamtolea hayo hayo. Nikasema, "Mtani, safari hii umekwisha. Nimeshakuandika kitabuni. Nenda kagawe ndizi zako mapema, mimi nakuja kuzuia jeneza."

Foleni ilicheka. Mzee alicheka, akashika nondo za dirisha, akakohoa, akaniangalia. Nadhani aliona macho yangu mekundu. Mpwa hakucheka. Aliichukua ile fomu, akaisoma, akatoa simu mfukoni, nikamwona anaitafuta mtandaoni, anaandika C, tatu, nne. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisema moyoni, angalau leo kuna mtu anaijali kazi yangu.

Wiki mbili zilipita. Mzee hakuja. Nilijiambia amechelewa kwa mvua, barabara ya kule ni utelezi. Wiki ya tatu mkuu wangu akawa anapitia orodha ya wanaotakiwa kurudia vipimo, akafungua faili lake. Akaniita bila kuinua sauti.

"Hii C umeitoa wapi?"

Nikavuta kile kitabu kinene karibu.

"Nionyeshe daktari alipoandika saratani."

"Hakuandika, mama."

"Maabara je?"

"Walisema haiwezi kukanushwa."

"Haiwezi kukanushwa. Na kuthibitishwa?"

"Wala kuthibitishwa."

Alivua miwani akaifuta na khanga, akaivaa tena. "Kwa hiyo duniani kote aliyemwona huyu mzee ana saratani ni wewe peke yako."

Alimpigia simu mpwa, akaweka sauti wazi ili nisikie. Yule kijana alijibu kwa adabu sana. "Shikamoo mama. Mjomba hashuki tena. Tumeona tusimsumbue na mipira ya kooni, mtu mwenyewe ndiyo hivyo. Ameshaita ukoo, ameshagawa mashamba. Sasa hivi anapumzika tu."

"Mwanangu, daktari aliwaambia hajui bado."

"Daktari aliificha, mama, tunaelewa, ndiyo utu. Lakini karatasi ilisema. Na yule daktari mdogo wa dirishani, mtani wake, alimwambia waziwazi. Mtani hafichi."

Mkuu wangu aliendelea kumweleza, na kijana aliendelea kusema ndiyo mama, ahsante mama, kwa sauti ya mtu anayempa pole mwenzake. Simu ilipokatika daktari naye alikuwa ameshaitwa. Alisema kama ni kitu kinachotibika, kila wiki ina maana, na simu imeshashindwa, basi apande mtu. Mkuu wangu hakuniangalia. Alisema, "Mtu mwenyewe huyu hapa."

Jumamosi asubuhi nilipitia Bigwa na Kiroka, nikafika Kinole, kisha nikapanda kwa miguu na barua ya daktari kwenye mkoba. Na koti langu jeupe pia lilikuwemo, limekunjwa. Nilipanga nikikaribia nilivae, wanisikilize. Ona hapo. Nimeshamuua mtu kwenye karatasi, na bado nawaza koti.

Sikulivaa. Si kwa wema wowote, nilifika ghafla. Njia ilipinda nikajikuta uani. Pilipili manga zilikuwa zimeanikwa kwenye mikeka, kina mama wawili wazee wanazipepeta, mpwa anakata kuni, na mzee kwenye kigoda, bega limetokeza nje ya shati. Alikuwa amepungua sana. Mtu anaweza kupungua hivyo kwa kuambiwa tu.

Mpwa ndiye aliyeniona kwanza. "Mjomba, daktari wako amekuja!"

"Huyo?" mzee akasema, na uso ukafunguka wote. "Huyo si daktari, huyo ni mtumwa wangu. Kafuata jeneza!"

Kina mama wakapiga vigelegele. Mmoja aliinuka, akanibandika ungo kichwani, akaniambia nianze kulia tuone kama najua. Yule mwingine alinipaka majivu shavuni. Nikasema, "Jamani, nisikilizeni. Nilikosea. Mzee hana saratani. Yaani haijulikani. Niliandika vibaya."

Walicheka zaidi.

"Leo mtani anasema hatufi! Kaona ubwabwa utachelewa!"

"Kashagawiwa nini na Mungu huyu, awe anafuta na kuandika?"

"Mnyamwezi," mzee akasema huku anajifuta machozi ya kicheko, "umenizika pale mjini, sasa umepanda mlima mzima kunifufua? Nauli kakupa nani?"

Nikatoa barua. Mpwa akaipokea kwa kucheka, akaiweka chini ya kikombe bila kuifungua. Nikaona kila neno nitakalosema pale, mradi linatoka kwenye mdomo wangu, litakuwa mzaha. Mimi mwenyewe ndiye niliyeufundisha mdomo huo kwao, miezi minne.

Nikautoa ungo kichwani nikauweka chini. Nikaenda mpaka kwenye kigoda, nikapiga magoti kwenye udongo, nikainamisha kichwa, nikasema, "Shikamoo, babu."

Yule mama aliyekuwa anapepeta akaacha. Kicheko kilimtoka mzee usoni taratibu, nikakiona kinavyotoka, na nilitamani kukirudisha kwa mikono. Alinitazama majivu, akatazama magoti yangu.

"Marahaba," akasema.

Nikamwambia yote. Kwamba mimi ni karani. Kwamba nina kidato cha nne, na si kizuri. Kwamba lile koti ni la vumbi. Kwamba daktari alimwambia kweli, hakuficha chochote, na kwamba ile namba kwenye karatasi hakuitoa daktari wala maabara, niliitoa mimi, kwa sababu nilifikiri najua. Na kwamba pale dirishani nilikuwa nimelia kwa kitu nilichokitunga mwenyewe.

Mpwa alisimama na panga la kuni bado mkononi, amelisahau tu. "Kwa hiyo mimi nimemkalisha mjomba hapa wiki tatu anasubiri kufa, kwa sababu ya kidole chako?"

"Ndiyo, kaka."

"Nimeitisha ukoo! Mimi ndiye niliyewapigia simu watu, mpaka wa Ngerengere wamekuja!"

"Weka panga," mzee akamwambia. Akanigeukia. Alikuwa anaongea nami kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya baraza. "Daktari mwenyewe hasa alisema nini?"

"Kwamba hajui, babu. Na kwamba akirudia kipimo anaweza kujua."

"Na mimi nikasema, huyu mkubwa anaficha, yule mtoto ndiye mkweli." Akatikisa kichwa. "Mashamba nimeshagawa. La bondeni, la mafenesi, na hili la pilipili."

Mpwa alisema haraka, "Yatarudi, mjomba. Kesho tu nawaita tena."

Yule mama mzee aliyenipaka majivu alijibu kabla yake, bila ukali. "Hayarudi. Ametamka mbele ya ukoo. Mtu hatamki kufa, halafu akatamka kuishi."

Mzee alishika goti akainuka. "Jumatatu nitashuka," akasema.

Nilishuka mlima na majivu yangu shavuni. Mtu mmoja pale Kiroka aliniuliza, "Dada, umetoka msibani?"

Jumatatu alishuka. Akachukuliwa kinyama kingine, kikubwa kidogo. Majibu yalirudi: kifua kikuu, kimejificha kwenye nyama, ndiyo maana makohozi hayakukionyesha. Dawa miezi sita. Mkuu wangu alikisukuma kitabu mbele yangu, akasema, "Tafuta mwenyewe, andika mwenyewe." A15.2. Niliandika, nikaangalia, nikaangalia tena, nikampelekea. Ile namba ya zamani haifutiki. Kompyuta yetu inaipiga mstari tu, chini yake inaandika imesahihishwa, na pembeni zinabaki herufi za jina langu. Atakayefungua faili lile hata baada ya miaka kumi ataziona.

Mzee amepona. Mashavu yamerudi. Dawa alikuwa anakunywa kwenye zahanati ya kwao, na kwetu anashuka kwa vipimo tu. Nimesikia analima kipande nyuma ya nyumba, kwenye shamba la pilipili ambalo sasa ni la mpwa, na kwamba kabla ya kukata mkungu wa ndizi anauliza. Mpwa anamwambia, mjomba, usiniulize. Yeye anauliza.

Koti nimeliacha kwenye msumari. Udaktari bado nauota, siwezi kusema uongo. Nimejiandikisha kurudia mtihani wa masomo mawili. Lakini mtu akiniita daktari kwenye korido nasimama namwambia, mimi ni karani, daktari ni chumba namba sita. Wengine wanakasirika kama nimewadanganya.

Mara ya mwisho mzee alikuja wiki iliyopita, kwa kipimo cha mwisho baada ya kumaliza dawa. Nilimwona mlangoni na moyo ukaruka kama zamani. Nilikuwa nimeandaa tusi, nimelifikiria usiku mzima, zuri, la ndizi na treni. Alipofika dirishani nikafungua mdomo nikasema, "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Karatasi yangu iko tayari?"

"Iko tayari."

Aliipokea, hakuitazama, akampa mpwa. Mpwa akatoa simu. Akaandika A. Akaandika moja, tano. Foleni ilikuwa ndefu, lakini nilisimama nimeweka mikono yote miwili juu ya mbao mpaka alipomaliza kusoma, midomo yake inacheza, kisha akamwangalia mjomba wake akaitikia kwa kichwa.

Nikasubiri anitukane, hata kidogo.

"Ahsante, mwanangu," akasema, akakunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni, wakaondoka.